Profesa amesema yeye si mwalimu wa sarufi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha umma huku bara. Nafundisha stadi za mawasiliano kwa mwaka wa kwanza. Safu yako nimeanza kuisoma nikiwa bado mwanafunzi, na leo nimekuja na la kwangu.

Muhula uliopita idara kadhaa zililalamika kwa Amidi kwamba wanafunzi wa mwaka wa tatu hawajui kufanya utafiti na hawajui kuandika. Ripoti zao za utafiti zilipopitishwa kwenye programu ya kubaini wizi wa kitaaluma, nyingine zilirudi na asilimia 60 na zaidi. Mbili ziligundulika kuwa ni kazi ileile, imenunuliwa steshenari moja nje ya geti. Kilichobadilishwa ni jina la wilaya tu, na mmoja wao akasahau kulibadilisha kwenye sura ya nne.

Amidi akaniita. Akasema, wewe ndiye mtu wa uandishi hapa, andaa semina ya siku mbili kwa wahadhiri wa idara zote za ndaki yetu, uwaoneshe namna ya kufundisha utafiti na uandishi ndani ya kozi zao. Nilikubali. Ningekataaje?

Taarifa ilipotolewa kwenye kikao, Profesa mmoja, ambaye ni mchumi na ndiye anayeheshimika kuliko wote pale, akanigeukia mbele za watu: "Binti yangu, mimi si mwalimu wa sarufi. Wakinifikia hawajui kuandika, maana yake ninyi wa stadi za mawasiliano hamkufanya kazi yenu." Watu wakacheka. Mhadhiri mwingine akasema ana darasa la wanafunzi 420 na msaidizi mmoja, sasa akiwapa insha ya kurasa 12 atasahihisha mpaka lini? Ndiyo maana yeye hutoa majaribio ya kuchagua jibu. Wa tatu akasema tatizo ni Kiingereza, watoto wanatoka sekondari hawakijui, na hakuna semina itakayotibu hilo. Wa nne akasema siku hizi kumpa mwanafunzi kazi ya kuandika nyumbani ni kujidanganya, kwa sababu akili mnemba inaiandika kwa dakika moja.

Kinachoniumiza ni kwamba sioni wamekosea wapi. Kozi yangu ni ya muhula mmoja, ukumbi umejaa, nafundisha aya na marejeleo, na ikifika mwaka wa tatu kila kitu kimeyeyuka.

Nimeshaandaa ratiba. Siku ya kwanza: nadharia za uandishi, muundo wa aya, mitindo ya marejeleo. Siku ya pili: mbinu za utafiti, maadili, wizi wa kitaaluma na namna ya kutumia ile programu. Slaidi zimefika 140. Lakini kila nikizitazama natetemeka, kwa sababu baadhi ya watakaokaa pale mbele wamenifundisha mimi mwenyewe, na sina shahada ya uzamivu. Nifanye nini katika siku hizo mbili, na nisimame vipi mbele yao?

Mhadhiri Msaidizi, Nyanda za Juu Kusini

*

Marahaba, mwanangu.

Slaidi zako 140 ziweke kando. Si kwamba ni mbaya. Naamini ni nzuri, na wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza watafaidi. Lakini unataka kuwafundisha wahadhiri uandishi, na hao tayari wanaandika. Profesa wako ana makala kwenye majarida. Ukimwonesha slaidi ya muundo wa aya, atakuwa na haki ya kufungua simu yake asome habari za Simba na Yanga.

Wanachokosa hao wenzako ni nafasi ya kuyatazama maswali wanayowapa wanafunzi. Sisi walimu tunasoma majibu mwaka mzima, tunalalamikia majibu, tunayapima majibu kwa programu, na swali lenyewe hakuna anayelikagua. Mhadhiri amelirithi kwa aliyefundisha kozi kabla yake, akabadilisha tarehe ya kukusanya, basi. Semina yako iwe ya siku mbili za kukagua maswali, na hapo hutakuwa unamfundisha mtu yeyote. Utakuwa unawaongoza watu wazima kusoma karatasi zao wenyewe.

Nikupe mfano wa swali ambalo nina hakika lipo kwenye faili la mtu fulani katika ndaki yenu, kwa sababu lipo kila chuo: "Jadili sababu na athari za ukuaji wa miji nchini Tanzania. Kurasa 10 hadi 15." Jiweke kwenye nafasi ya kijana anayelipokea Jumatatu. Haulizwi kitu ambacho hakijulikani. Majibu yako tele kwenye intaneti, kwenye madesa ya waliotangulia, na kule steshenari. Hana sababu ya kwenda maktaba, hana kitu cha kubishania, na kurasa 15 ni nyingi mno kwa mtu asiye na la kusema. Kunakili ndiyo njia ya akili kabisa ya kulijibu swali hilo. Simtetei mwizi, lakini swali lenyewe ndilo lililomfungulia mlango.

Sasa chukua mada ileile, na huyu mchumi wako ataipenda. Mpe kila mwanafunzi namba chache kutoka sensa zetu, ambazo Ofisi ya Taifa ya Takwimu imezichapisha na yeyote anaweza kuzipata bure. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012. Mwaka 2022 ulikuwa na 5,383,728. Tanzania nzima ilitoka 44,928,923 ikafika 61,741,120. Mwambie akokotoe wastani wa ongezeko kwa mwaka. Atapata kwamba nchi imekua kwa takribani asilimia 3.2 na Dar es Salaam kwa takribani asilimia 2.1. Yaani jiji ambalo kila kitabu chake cha shule kilimwambia linafurika kuliko mahali popote limekua taratibu kuliko nchi yenyewe. Na miaka kumi ya kabla yake, kutoka watu karibu milioni 2.5 mwaka 2002, jiji hilohilo lilikuwa likikua kwa zaidi ya asilimia 5.

Hapo mwanafunzi anakuna kichwa. Usimwambie lolote. Mpe namba mbili zaidi: mkoa wa Pwani, 1,098,668 mwaka 2012, na 2,024,947 mwaka 2022. Halafu muulize: kimetokea nini, na ungehitaji ushahidi gani ili uwe na hakika?

Aliyepanga Mbagala au Chanika ataanza kusema kabla hujamaliza. Atakwambia kuhusu viwanja vya Vikindu, jirani zake waliohamia Kibaha, daladala zinazovuka mpaka wa mkoa alfajiri. Mwingine atasema hapana, huenda mipaka au namna ya kuhesabu imebadilika, tuangalie kwanza. Wa tatu atauliza kama waliohamia Pwani wametoka Dar au wametoka mikoani wakaishia pale. Hayo yote ni maswali ya utafiti, mwanangu, na wameyatoa wao, bila sura ya kwanza inayoanza na "Duniani kote tatizo hili limekuwa kubwa, barani Afrika hali ni mbaya zaidi, nchini Tanzania nako..." Unaujua mteremko huo. Nimesoma ripoti zilizoanzia Uchina zikafika Mvomero kwenye ukurasa wa tisa, mwandishi akiwa amechoka na mimi nimechoka.

Kwa hiyo siku ya kwanza iwe hivi. Wiki mbili kabla, waandikie waje na vitu vitatu: swali moja la kazi ya kuandika walilotoa muhula uliopita, kazi moja ya mwanafunzi iliyowafurahisha, na moja iliyowakera, zote mbili majina yamefutwa. Asiyetoa kazi za kuandika aje na mtihani wake. Asubuhi wape dakika tano za kukaribishwa na Amidi, na umwombe Amidi kwa heshima zote zisizidi tano. Kisha wakae wawili wawili, kila mmoja na mtu wa fani nyingine, wabadilishane maswali. Kila mmoja asome swali la mwenzake kana kwamba yeye ndiye mwanafunzi, na aseme jambo moja tu: usiku wa kwanza nikipewa swali hili, nitafanya nini? Aeleze kwa sauti. Nitafungua nini, nitaandika nini kwanza, nitakwama wapi.

Mtu wa jiografia akimwambia mchumi, "Mimi hapa ningeingia intaneti nichukue aya sita nizipange," hakuna slaidi itakayomfikia Profesa kama sentensi hiyo. Na hukuisema wewe.

Mchana walisuke upya swali. Sharti liwe moja: jibu lisiweze kupatikana likiwa tayari limeandikwa mahali fulani. Hapo lazima kuwe na kitu mikononi mwa mwanafunzi: jedwali la takwimu, hukumu ya mahakama, makala mbili zinazopingana, bajeti ya halmashauri, utabiri wa mvua za msimu uliotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mtu wa kilimo, kwa mfano, ana hazina katika utabiri huo wa vuli na masika. Unamwambia mwanafunzi: huu hapa utabiri wa masika ya mwaka jana, chagua wilaya moja, tafuta watu watatu waliolima huko, hata kwa simu, uandike ni uamuzi gani wangeweza kuufanya kutokana na taarifa hii na ni upi wasingeweza. Ukurasa mmoja na nusu. Hata steshenari haina hiyo.

Nije kwa mwenye wanafunzi 420, maana huyo ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote na usimpuuze. Mpigie hesabu mezani. Kurasa 12 mara 420 ni kurasa 5,040. Akitumia dakika 20 kwa kila kazi, ni saa 140. Hakuna binadamu anayefanya hivyo akabaki na ubinadamu, na matokeo yake tunayajua: anafungua ukurasa wa kwanza, anaangalia wa mwisho, anahesabu marejeleo, anaandika 14 kati ya 20. Mwanafunzi naye analijua hilo, kwa hiyo haoni sababu ya kuhangaika na kurasa za katikati. Sasa mpigie ya pili: ukurasa mmoja, dakika tatu, wanafunzi 420, ni saa 21. Msaidizi wake akichukua nusu, inakuwa jambo la kawaida. Hata akiwapa kurasa moja moja tatu katika muhula, bado hajafika nusu ya zile saa 140, na wanafunzi wameandika mara tatu badala ya mara moja.

Na kurasa hizo tatu si kazi tatu tofauti. Ya kwanza ni swali lake na kwa nini halijajibiwa. Ya pili ni vyanzo viwili alivyosoma na wapi vinagongana. Ya tatu ni hoja yake na ushahidi. Zikiunganishwa mwisho wa muhula ni insha, na imekua mbele ya macho yako. Ya kwanza haihitaji hata alama, ni kuiangalia tu kama swali linashikika na kumrudishia. Zile alama 40 za kazi za muhula zipo kwa ajili hiyo. Zigawanywe njiani, zisisubiri lundo la wiki ya mwisho.

Kuna jambo la kusahihisha ambalo ningependa ulipe saa nzima siku ya pili. Chukua kazi moja ya mwanafunzi, toa nakala kwa wote, kila mtu aisahihishe peke yake kimya kimya na aandike alama kwenye kikaratasi. Zisome kwa sauti bila majina. Utasikia 8, utasikia 15, utasikia 11, kwa kazi ileile moja. Waache wabishane. Mmoja amemkata kwa Kiingereza chake, mwingine amempa kwa sababu takwimu ziko sahihi, wa tatu amekasirishwa na marejeleo. Ubishi huo ndio utakaozaa mwongozo wa kusahihisha wa idara, na utazaliwa na wao. Ukiwapa uliouandika wewe watausifu na kuuacha kwenye viti.

Waombe pia wajizuie na kalamu nyekundu. Mwalimu anayesahihisha kila kosa la sarufi kwenye kurasa 12 anajichosha na mwanafunzi hajifunzi lolote kati ya makosa 90. Achague aya moja, aisahihishe yote hasa, aandike pembeni "nyingine zirekebishe hivihivi." Halafu maoni mawili tu juu ya hoja: lililosimama, na lililoanguka. Hivyo Profesa wako atabaki kuwa mchumi kama alivyotaka. Anachotakiwa kukifundisha ni namna mchumi anavyotoka kwenye namba mpaka kwenye dai, na hicho wewe na kozi yako ya mwaka wa kwanza hamwezi kumfundishia. Marekani wamekuwa wakiwakusanya wahadhiri wa fani zote kwa kazi hiihii tangu miaka ya 1970, na malalamiko waliyoanza nayo ni hayohayo uliyoyasikia kikaoni.

Kuhusu Kiingereza. Ni kweli kwamba kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akapita sekondari kwa Kiingereza cha kukariri, anaingia chuoni akiwa amebeba mzigo. Lakini waulize wenzako wa idara ya Kiswahili, ambako wanafunzi wanasoma na kuandika kwa lugha waliyoizoea. Watakwambia nao wanapokea insha za kunakili, na nao wana ripoti zinazoanzia duniani kote. Kwa hiyo lugha ni sehemu tu ya tatizo, na nisingekubali itumike kufunga mjadala. Kinachosaidia ni kutenganisha kufikiri na kuandika. Kwenye semina za vikundi wajadili kwa Kiswahili: swali letu ni nini, huyu mwandishi anabishana na nani, ushahidi wake uko wapi. Mtu akishaweza kuisema hoja kwa Kiswahili kwa dakika mbili bila kusoma, kuiandika kwa Kiingereza ni kazi ngumu lakini ni kazi ya kweli. Asipoweza kuisema, hata Kiingereza cha malkia kisingemwokoa. Wahadhiri wengi tayari wanafanya hivyo wakiwa wamefunga mlango. Waambie waufungue.

Akili mnemba nayo. ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, na tangu hapo nimesikia vikao vingi vya kuomboleza. Mwenzako amesema kweli kwamba insha ya "jadili sababu na athari" inaandikwa na mashine kwa dakika moja. Ni insha iliyokuwa imekufa kabla mashine haijaja. Sehemu ya maandishi ifanyike ukumbini: wape zile namba za Dar na Pwani, dakika 15, karatasi na kalamu, waandike maelezo mawili yanayowezekana. Zikusanye. Kwa kazi za nyumbani, kila chanzo kilichotajwa kije na nakala ya ukurasa wenyewe, sentensi iliyotumika imepigiwa mstari. Mashine hizi zina tabia ya kutunga marejeleo ambayo hayapo, majina ya waandishi yakiwa yamenyooka kabisa, na mwanafunzi anayetakiwa kuleta ukurasa atagundua mwenyewe mapema. Kila wiki, chagua wachache kwa bahati nasibu waisimulie kazi yao kwa dakika mbili. Si lazima uwafikie 420. Inatosha kila mmoja ajue anaweza kuitwa.

Na ile programu ya asilimia, tafadhali waeleweshe. Inapima maneno yanayofanana, haipimi wizi. Orodha ya marejeleo na majina ya taasisi vinaweza kuipandisha namba kwa mtu mwaminifu, na aliyetafsiri makala nzima kutoka lugha nyingine anaweza kupita akiwa msafi. Asilimia 60 ni sababu ya kufungua kazi na kuisoma. Haiwezi kuwa hukumu.

Mkutubi wako yuko wapi katika ratiba hii? Sijamwona, na nashangaa. Vyuo vingi humpa mkutubi saa moja kwenye wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kijana bado anatafuta kitanda hosteli, anaoneshwa namna ya kutafuta makala ambazo hana sababu ya kuzitafuta. Kikao hicho kihamie wiki ileile mwanafunzi aliyopewa swali. Mkutubi awaoneshe AJOL, ambayo tangu mwaka 1998 imekuwa ikiweka mtandaoni majarida ya Afrika, yakiwemo ya kwetu. Awaoneshe orodha ya DOAJ ya majarida yanayosomwa bure. Na kama chuo chenu kimejisajili Research4Life, mpango unaovifungulia vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia bure au kwa bei nafuu, awape namna ya kuingia. Wahadhiri wenyewe wakae kwenye kikao hicho. Usiseme ni kwa ajili yao.

Kuhusu ripoti za mwaka wa tatu kuna mazoea mengi ya kung'oa, lakini nitakutajia moja tu. Karibu kila ripoti ina fomula ya Yamane ya kupata ukubwa wa sampuli. Mwanafunzi anasema walengwa ni 400, anaweka kiwango cha kosa cha 0.05, anapata 200, anajisikia mwanasayansi. Halafu anakwenda sokoni anawahoji 43 waliokubali kusimama, na sura ya nne inaendelea kana kwamba ni wale 200 waliochaguliwa kwa nasibu. Msimamizi anasaini kwa sababu fomula ipo. Ningempa alama nyingi zaidi kijana anayeandika: "Nimezungumza na wauzaji 12 ninaowafahamu, kwa hiyo siwezi kusemea soko zima, naweza kusema hiki." Liweke hilo mezani siku ya pili uwaulize wahadhiri: sisi tungempitisha huyu? Kama jibu ni hapana, basi fomula isiyotekelezwa tumeiagiza wenyewe.

Sasa habari ya kusimama mbele ya waliokufundisha. Usisimame sana. Keti nao. Na kabla ya semina, nenda ofisini kwa Profesa, mwamkie, umwambie unahitaji msaada wake: aje na ukurasa mmoja wa makala yake ya zamani iliyorudishwa na wahakiki, yenye maoni yao makali, azungumze dakika kumi jinsi alivyoirekebisha. Kila mtafiti anayo makala kama hiyo, na wengi hufurahi kuisimulia ikishachapishwa. Vijana wa ndaki watasikia kwamba hata yeye huandika mara tano. Yeye atakuwa amekuwa mmoja wa wenye semina, na ni vigumu mtu kuicheka shughuli aliyoipa mkono. Akikataa, mwombe mwingine, na umwachie kiti chake.

Ile ya "hamkufanya kazi yenu" usiijibu kikaoni. Jibu lake ni swali lake likiwa mikononi mwa mtu wa jiografia.

Mwisho, nenda kwa Amidi wiki hii na ombi moja. Siku mbili mfululizo ni za posho na sambusa. Mwezi ukipita hakuna anayekumbuka. Mwombe siku ya kwanza iwe wiki moja kabla ya muhula kufunguliwa, wakati watu wanaandaa kozi, na siku ya pili iwe wiki ya nane, kila mtu akirudi na kurasa za wanafunzi wake zilizotokana na swali jipya. Hiyo kazi ya kusahihisha pamoja mtaifanya kwa kurasa hizo. Wenye maswali yaliyokwama watasema yalikwama wapi, na atakayekuja mikono mitupu atasikiliza. Vyeti vya ushiriki, ambavyo najua watakuulizia kwa ajili ya mafaili yao, vitoe wiki ya nane.